Kuunda meli ya mfano: Anayoyapaswa kujua mwanagenzi kabla ya kufungua kisanduku cha zamani

WERUGHA si mahali ambapo mtu angetarajia kusikia habari za meli. Kata hiyo iliyo katika eneo bunge la Wundanyi, Kaunti ya Taita Taveta, imekaa juu vilimani, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huko ukungu hutanda asubuhi, na riziki ya wakazi wengi hutoka shambani. Anayetaka kuiona bahari sharti ateremke hadi Mwatate, aingie Voi, kisha afuate barabara kuu kwa takriban kilomita 150 ndipo afike Mombasa.

Hata hivyo, ufundi wa kuunda meli za mfano hauhitaji bahari. Unahitaji meza imara, mwanga wa kutosha, kisu chenye makali na, zaidi ya yote, subira. Ni ufundi ambao mstaafu aliyerejea nyumbani baada ya miaka mingi ya kazi bandarini au relini anaweza kuuanza, na vivyo hivyo mwanafunzi anayependa kazi za mikono wakati wa likizo.

Barani Ulaya na Amerika, vipande vya meli hizo huuzwa vikiwa vimekatwa tayari na kupangwa ndani ya kisanduku pamoja na michoro na maelezo. Kampuni ya Model Shipways ya Marekani ilianza mwaka 1946, na ile ya Billing Boats ya Denmark ikaanza mwaka 1958. Visanduku vya miongo hiyo ya mwanzo bado vinapatikana. Vingine hukaa miaka mingi bila kufunguliwa, vikarithiwa, vikauzwa kwa bei ya mitumba au vikatumwa na jamaa walioko ng'ambo.

Lakini kisanduku cha zamani kina tatizo ambalo kipya hakina. Kipande kikivunjika au kupotea, mara nyingi hakuna duka la kukinunua kingine kama hicho. Mwanagenzi anayekurupuka na gundi mkononi anaweza kuharibu kwa siku moja kitu kilichohifadhiwa kwa nusu karne. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla ya gundi kufunguliwa.

Meli kusafirishwa vipande vipande

Wazo la meli kufika ikiwa vipande vipande si geni Afrika Mashariki. Meli ya mvuke iitwayo William Mackinnon iliundwa Uskoti, ikaletwa Mombasa ikiwa imefungwa mafungu mafungu, na hatimaye ikaunganishwa Kisumu na kushushwa ziwani mwaka 1900. Reli iliyopita Voi ilikuwa haijafika Kisumu wakati huo, kwani iliwasili huko Desemba 1901. Kwa hiyo wapagazi walilazimika kubeba vyuma hivyo sehemu ya safari.

Upande wa Tanganyika, Wajerumani walifanya jambo kama hilo kwa kiwango kikubwa zaidi. Meli ya Graf von Götzen iliundwa katika mji wa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa tena, ikatiwa ndani ya makasha yapatayo 5,000 na kusafirishwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo ilipelekwa Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata ilizamishwa na Wajerumani wenyewe ili isitekwe. Iliibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 ikajulikana kwa jina la Liemba.

Mafundi wa Kigoma na wa Kisumu walitegemea mambo mawili: kila kipande kijulikane mahali pake, na kila hatua ifuate ile iliyotangulia. Anayeketi mezani Werugha na kisanduku cha mbao mbele yake anatawaliwa na kanuni hizo hizo, ijapokuwa meli yake haitazidi urefu wa mkono.

Aina tatu za visanduku

Jambo la kwanza ni kutambua aina ya meli iliyomo. Visanduku vya zamani hugawika katika makundi matatu.

La kwanza ni lile la gogo zima. Ndani yake mna kipande kimoja cha mti laini kilichochongwa nusu nusu kufuata umbo la tumbo la meli. Kazi ya fundi ni kukimalizia kwa randa ndogo, patasi na msasa huku akilinganisha umbo na vigezo vya karatasi ngumu vilivyokatwa kutoka kwenye mchoro.

La pili, ambalo ndilo lililoenea zaidi, hutumia mkuku mmoja bapa wa plaiwudi. Juu ya mkuku huo hupachikwa vipande vingine bapa vilivyokingama, ambavyo hufanya kazi ya mataruma. Kisha vibao vyembamba hulazwa juu yake kutoka omo hadi tezi, kama ngozi inavyofunika mbavu.

La tatu hufuata kwa ukaribu namna meli kubwa zilivyoundwa. Kila taruma huungwa peke yake kwa vipande kadhaa, na idadi yake huwa kubwa. Aina hii haimfai anayeanza.

Mwanagenzi anashauriwa kuchagua kundi la kwanza au la pili, na chombo chenye mlingoti mmoja au miwili. Wengi huvutiwa na picha iliyo juu ya kisanduku, wakachagua manowari yenye milingoti mitatu na mizinga mia moja. Meli za namna hiyo humaliza miaka mezani, na nyingi huachwa zikiwa nusu. Anayemiliki kisanduku kama hicho hapotezi kitu akikiweka kabatini na kuanza na kidogo.

Kukagua kabla ya kuunda

Baada ya kisanduku kufunguliwa, kazi ya kwanza ni kuhesabu. Vipande vyote vilinganishwe na orodha, na vile vilivyokosekana viandikwe. Michoro itolewe nakala mara moja, kwani karatasi ya zamani hukatika kwenye mikunjo na haivumilii kukunjuliwa kila siku. Nakala ndiyo itakayokatwa, kuandikwa na kuchafuliwa, huku mchoro wa asili ukihifadhiwa.

Vipande vilivyochapwa juu ya ubao, ambavyo havijakatwa, vitiwe namba kwa penseli kabla ya kutenganishwa. Kipande kisicho na namba kikishachanganyika na vingine thelathini vinavyofanana nacho, kukitambua ni kazi ya siku nzima.

Plaiwudi iliyopinda haipaswi kutupwa. Hulowanishwa kidogo kwa kitambaa chenye maji, ikawekwa kati ya mbao mbili zilizonyooka, na kukandamizwa kwa uzito kwa siku kadhaa hadi ikauke kabisa. Ikiwa tabaka zake zimeachana, gundi nyeupe ya useremala hupenyezwa katikati kabla ya kukandamizwa. Ikishindikana, kipande cha zamani huwekwa juu ya plaiwudi mpya na umbo lake kuchorwa upya.

Uzi wa zamani, kwa kawaida, haufai tena. Pamba iliyokaa miaka mingi huonekana nzima, lakini hukatika ikivutwa. Gundi iliyomo kisandukuni nayo huwa imekauka. Vitu hivyo viwili ni rahisi kununua vipya katika maduka ya Wundanyi au Voi.

Tahadhari inahitajika kuhusu nanga, mizinga na mapambo ya chuma laini cha kijivu. Vifaa vingi vya namna hiyo vilivyoundwa zamani vilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye risasi, madini yanayodhuru mwili. Vikiwa na unga mweupe juu yake, hiyo ni dalili kwamba risasi imeanza kuliwa na asidi, na mara nyingi asidi hiyo hutoka katika mbao zenyewe ndani ya kisanduku kilichofungwa. Unga huo usipulizwe kwa mdomo wala kusuguliwa ukiwa mkavu. Vifaa hivyo visishikwe na watoto, na mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi.

Ukungu wa milimani nao una neno lake. Ubao hunywa unyevu ulio hewani ukavimba, na hewa ikikauka hunywea. Mabadiliko hayo hutokea zaidi katika upana wa ubao kuliko urefu wake. Kisanduku kilichotoka katika nyumba kavu ya ng'ambo kikifika Werugha wakati wa baridi, mbao zake zitabadilika. Ni busara kukiacha wazi katika chumba cha kazi kwa wiki mbili au tatu kabla ya kuanza. Kinyume chake pia ni kweli: chombo kilichokamilishwa milimani kikateremshwa kwenda kukaa Voi, ambako joto na ukavu ni mkubwa, kinaweza kufunguka nyufa ikiwa mbao zake ziligandishwa zikiwa na unyevu.

Hesabu ya uwiano

Kila mchoro huwa na kipimo cha uwiano. Kipimo cha 1:100 maana yake ni kwamba sentimita moja ya meli ya mfano ni sawa na sentimita 100 za meli halisi. Chukua mfano wa Cutty Sark, meli iliyoundwa Uskoti mwaka 1869 kwa biashara ya chai, ambayo sasa imehifadhiwa Greenwich jijini London. Tumbo lake lina urefu wa karibu mita 65. Kwa kipimo cha 1:100, meli ya mfano itakuwa na sentimita 65. Kwa kipimo cha 1:50 itafika mita moja na sentimita 30, na huenda isipite mlangoni.

Hesabu hiyo husaidia pia kukagua vitu vidogo. Baharia mwenye kimo cha sentimita 170, kwa kipimo cha 1:50, atakuwa na sentimita 3.4 tu. Ikiwa ngazi au kizuizi cha sitaha kinamfika shingoni, basi kuna kosa mahali. Fundi mwenye tabia ya kujiuliza swali hilo hugundua makosa mapema.

Vifaa vya kazi

Wahenga walinena kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nyenzo za kazi hii si nyingi wala si ghali. Kinachohitajika ni kisu chembamba chenye makali, msumeno wa meno madogo, tupa ndogo bapa na ya mviringo, rula ya chuma, koleo ndogo, kikekee cha kutobolea, na msasa wa viwango vitatu: mkali, wa wastani na laini. Kwa kushikilia vibao wakati gundi ikikauka, hakuna kifaa kinachoshinda vibanio vya kuanikia nguo.

Gundi nyeupe ya useremala ndiyo inayofaa sehemu kubwa ya kazi. Hukauka polepole, jambo linalompa mwanagenzi nafasi ya kurekebisha, na ikiwa bado mbichi hufutika kwa kitambaa cha maji. Gundi kali inayoshika papo hapo itumiwe kwa vitu vidogo tu. Ikishika pasipostahili, kipande hakitoki bila kuvunjika.

Mbao za kufidia zilizopotea hazihitaji kuagizwa kutoka mbali. Katika karakana ya seremala yeyote anayeunda milango na vitanda, mabaki ya msonobari, saipresi au mahogani hutupwa kila siku. Kinachotafutwa ni kipande kilichonyooka, kisicho na vifundo, chenye chembe laini. Mti wenye chembe kubwa huonekana wa ajabu kwenye meli ndogo, kama shati la mtu mzima juu ya mtoto. Hakuna haja yoyote ya kuigusa misitu ya asili kama Ngangao. Misitu hiyo ni mabaki machache ya safu ya milima ya kale ya Tao la Mashariki, na vilima vya Taita vina ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani.

Mkuku na mataruma

Kosa la mkuku halirekebishiki baadaye. Mkuku ukipinda kidogo, meli nzima itaonekana kama inajigeuza kumtazama mtu. Kwa hiyo hupachikwa kwanza juu ya ubao wa kuundia, ukishikwa pande zote mbili na vijiti vilivyonyooka, na hauondolewi hapo mpaka mataruma yote yawe yamekauka.

Mataruma hujaribiwa yakiwa makavu, bila gundi, yote kwa pamoja. Kila moja lazima liwe wima na lifanye pembe mraba na mkuku. Kipande cha kadi kilichokatwa kwa pembe mraba hutosha kukagua. Yakiridhisha, hutolewa, kisha hurudishwa moja moja kwa gundi.

Baada ya gundi kukauka, inakuja hatua ambayo wanagenzi wengi huiruka, nayo ni kusawazisha kingo za mataruma. Meli huwa nyembamba omo na tezi, na pana katikati. Kwa sababu hiyo, ukingo wa taruma la mbele haupaswi kuwa mraba, bali ulale kufuata mkunjo wa tumbo, vinginevyo ubao utaligusa kwa ncha tu. Fundi hugandisha msasa juu ya kijiti kirefu chembamba na kuupitisha juu ya mataruma matatu au manne kwa mpigo. Kila mara hulaza ubao mmoja wa majaribio na kuutazama kutoka ubavuni. Ubao ukiyagusa mataruma yote bila pengo na bila kifundo, kazi iko tayari.

Kupiga mbao

Samaki mkunje angali mbichi. Vibao navyo ni hivyo hivyo: hulowekwa katika maji ya moto kwa muda, vikalainika, vikapindwa taratibu na kufungwa juu ya umbo hadi vikauke. Kibao kinacholazimishwa kikiwa kikavu hupasuka, au hubaki kikivuta gundi kwa miaka mingi mpaka kifunguke.

Mbao hupigwa kwa zamu, moja kulia na moja kushoto. Fundi akimaliza upande mmoja kwanza, mvuto wa mbao hizo utaukunja mkuku aliouhangaikia kuunyoosha.

Suala linalowatatiza wengi ni upana. Chukua mfano wa meli ambayo katikati, kutoka sitaha hadi mkuku, ina milimita 120. Ikiwa vibao vina upana wa milimita 5, zitahitajika safu 24. Lakini kwenye omo nafasi ni milimita 72 tu. Safu 24 zikigawanywa katika milimita 72, kila kibao kinapata milimita 3. Maana yake ni kwamba kibao chenye milimita 5 katikati sharti kichongwe mpaka kifike milimita 3 kwenye ncha ya mbele. Asiyefanya hesabu hiyo huona safu zake zikipandiana omo, kisha hulazimika kukata vipande vya ajabu ajabu ili kujaza.

Njia rahisi ya kupima ni kuzungusha ukanda wa karatasi juu ya kila taruma, kuweka alama mwanzo na mwisho, kisha kuugawanya kwa idadi ya safu. Kanuni nyingine ya kukumbuka ni kutokifanya kibao kuwa chembamba kuliko nusu ya upana wake wa asili. Ikihitajika kupita hapo, ni heri safu moja ikatizwe na mbili zigeuzwe kuwa moja. Tezi nako mara nyingi nafasi hupanuka badala ya kupungua, na vipande vya umbo la kabari hupenyezwa kati ya safu.

Nyufa ndogo hujazwa kwa unga wa ubao ule ule uliotokana na msasa, ukichanganywa na gundi. Katika majahazi halisi, kazi hiyo ndiyo kalafati: pamba iliyolowa mafuta hupigiliwa kati ya mbao, na sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Meli ya mezani haitavuja, lakini ufa ulioachwa leo utaonekana zaidi baada ya vanishi.

Milingoti, kamba na matanga

Mlingoti hauanzi ukiwa mviringo. Kijiti cha pande nne hupunguzwa kuelekea juu, kisha pembe zake hukatwa kikawa cha pande nane, kisha kumi na sita, ndipo msasa umalizie. Hivi ndivyo milingoti mikubwa ilivyochongwa, na njia hiyo huuweka mlingoti katikati ya mti bila kuyumba.

Taita Taveta ni nchi ya mkonge, na huenda mtu akashawishika kuutumia kwa kamba. Nyuzi za mkonge, hata hivyo, ni nene na zina manyoya yanayoonekana kama miba kwenye chombo kidogo. Uzi wa pamba au wa kitani wa kushonea ndio unaofaa. Kwanza hupitishwa juu ya kipande cha nta ya nyuki, manyoya yakalala na unyevu ukazuiwa kuingia. Kamba zinazoshikilia mlingoti hufungwa kwanza, kisha zile zinazoendesha matanga. Fundi huanza kazi ndani na kuendelea nje, vinginevyo mkono wake utakwama kati ya kamba alizozifunga jana.

Kitambaa cha tanga hufuliwa kwanza ili kisinywee baadaye. Weupe wake wa dukani huondolewa kwa kukichovya katika chai isiyo na maziwa, kikakausha rangi ya tanga lililokwisha kuonja jua na chumvi.

Jahazi kama chombo cha kwanza

Si lazima chombo cha kwanza kitoke kisandukuni. Wapo mafundi wa Lamu wanaochonga majahazi madogo ya kuuza, na katika kijiji cha Matondoni, kisiwani humo, vyombo halisi vya mbao vimeundwa kwa vizazi vingi. Jahazi lina mlingoti mmoja mkubwa, foromali moja na tanga la pembe tatu. Kamba zake ni chache. Jahazi la mita 15, kwa kipimo cha 1:30, hutoa chombo cha nusu mita, kinachotosha juu ya kabati.

Ugumu wake ni kwamba fundi wa jahazi kwa kawaida hana mchoro. Hupima kwa jicho, kwa kamba na kwa mkono, na mataruma yake huyatafuta katika matawi yaliyopinda yenyewe. Anayetaka kuunda jahazi dogo kwa usahihi itambidi aende kutazama na kupima. Jumba la Makumbusho la Lamu lina vielelezo vya vyombo vya pwani. Katika Ngome ya Yesu jijini Mombasa mna vitu vilivyoopolewa kutoka kwa Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, wakati wa mzingiro wa Waomani.

Historia ya mtepe inaonyesha uzito wa jambo hili. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu ambacho mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka wa pembe nne, na omo yake ilipanda kama shingo ya ngamia. Tofauti na meli ya kisandukuni, mbao zake zilishonwa kwanza, na mataruma yakatiwa baadaye. Vyombo vya kushonwa vilikuwapo pwani hii tangu zama za kale, na vimetajwa katika maandishi ya Kigiriki ya takriban miaka 2,000 iliyopita.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mtepe ulitoweka baharini. Mwingereza James Hornell alipochapisha makala kuuhusu mwaka 1941, chombo hicho kilikuwa tayari kinaelekea kuwa hadithi. Kilichobaki ni picha, maandishi na vielelezo vidogo vya mbao vilivyohifadhiwa katika makumbusho ya Afrika Mashariki na Uingereza. Mtepe wa kiwango kamili ulipojengwa upya Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukawekwa katika Jumba la Maajabu, wajenzi wake walilazimika kutegemea mabaki hayo ya ujuzi. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020.

Waliochonga vielelezo vya mitepe hawakujua kwamba siku moja vingekuwa miongoni mwa ushahidi mkuu wa jinsi chombo hicho kilivyoshonwa. Penye kielelezo kilichochongwa kwa usahihi, mtaalamu anaweza kuhesabu safu za mbao na kufuata njia ya kamba. Penye kile kilichochongwa kwa kubahatisha, hapati kitu.

Baada ya kumaliza

Meli iliyokamilika huhitaji vanishi nyembamba ya kuzuia unyevu, na sanduku la kioo la kuzuia vumbi. Sanduku lisifungwe kabisa bali liachiwe matundu madogo ya hewa, hasa ikiwa chombo kina vifaa vya risasi. Lisiwekwe penye jua la dirishani wala karibu na meko.

Chini ya kitako chake, fundi aandike jina la chombo, kipimo cha uwiano, aina za mbao, mwaka na mahali kilipoundwa. Aonyeshe pia vipande vilivyotoka kisandukuni na vile alivyovichonga mwenyewe badala ya vilivyopotea. Mchoro wa asili na kisanduku chake vihifadhiwe pamoja na meli. Ikiwa ni jahazi lililopimwa Lamu, vipimo vyote viandikwe kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya sanduku hilo, ili atakayelifungua miaka mingi baadaye ajue ni kipi fundi alikiona kwa macho yake na kipi alikikisia.